Fumo Liyongo: Shujaa Aliyeokolewa na Wimbo

Mwanafunzi, ukiulizwa katika Karatasi ya Tatu utaje sifa za shujaa wa mighani, huenda ukaandika upesi kwamba ana nguvu zisizo za kawaida, ana siri ya nguvu hizo, husalitiwa na mtu wa karibu na hufa kifo cha ajabu. Swali linalofuata likikutaka ueleze umuhimu wa nyimbo katika jamii, utaanza upya kana kwamba umehamia somo jingine. Katika miaka yangu ya kufundisha na kusahihisha, nimeyaona majibu haya mawili mara nyingi kwenye karatasi moja, hili halimjui lile. Maisha ya Fumo Liyongo yanayaunganisha. Yasome kwanza kama kisa cha mtu, kisha tutarudi kwenye mtihani.

1. Liyongo alikuwa nani?

Fumo Liyongo ni shujaa wa Waswahili wa pwani ya kaskazini ya Kenya. Masimulizi yanamweka katika kisiwa cha Pate na katika bara iliyo mkabala na visiwa vya Lamu, hasa Shaka, Ozi na Kipini, pale Mto Tana unapoingia katika Bahari ya Hindi. Neno fumo lina maana ya mkuki, na zamani lilitumiwa pia kama cheo cha kiongozi. Kwa hiyo jina lake lenyewe linabeba vita na uongozi.

Wataalamu hawajakubaliana aliishi karne gani. Wapo wanaomweka kabla ya Wareno kufika katika pwani yetu na wapo wanaomweka baadaye. Wewe usijitwishe mzigo wa kutaja mwaka wa kuzaliwa kwake. Andika tu kwamba ni mtu wa kale ambaye historia na ubunifu vimechanganyika katika maisha yake. Hiyo ndiyo sifa mojawapo kuu ya mighani.

Habari zake zilipokezanwa kwa mdomo kwa muda mrefu, katika hadithi na katika nyimbo za gungu, yaani ngoma iliyochezwa hasa katika sherehe za harusi. Baadaye ziliandikwa. Mwaka wa 1870 Edward Steere alichapisha hadithi ya Liyongo katika mkusanyiko wake wa ngano za Kiswahili. Mwaka wa 1913 Muhammad Kijumwa, mshairi na mwandishi wa miswada kutoka Lamu, alitunga Utenzi wa Fumo Liyongo. Mwaka wa 1973 Abdilatif Abdalla aliuhariri utenzi huo ukachapishwa Dar es Salaam. Maelezo yafuatayo yanafuata zaidi kisa kinavyosimuliwa katika utenzi.

2. Sifa zinazozaa uadui

Liyongo alikuwa mrefu, mwenye nguvu na hodari wa upinde. Alikuwa pia malenga. Zishike sifa hizi zote mbili, kwa sababu watahiniwa wengi hukumbuka ile ya kwanza na kuisahau ya pili.

Siku moja Waoromo, ambao masimulizi ya zamani huwaita Wagala, walifika Pate kununua chakula. Mfalme wa Pate, anayetajwa kwa jina la Daudi Mringwari, aliwasimulia habari za Liyongo. Wageni wakataka kumwona kwa macho yao. Liyongo akaitwa kutoka Shaka. Inasimuliwa kwamba mwendo wa siku kadhaa aliumaliza kwa siku moja, na kwamba alipopuliza pembe mbele ya mji, pembe ilipasuka kwa nguvu za pumzi zake. Alipoufungua mfuko wake, ndani mlitoka kinu, mchi, jiwe la kusagia, vyungu na mafiga, yaani vyombo vya jiko zima. Wageni walistaajabu wakaomba wapate uzao wake. Liyongo akaozwa mke kwao, akazaa mtoto wa kiume.

Hapa utaona mbinu ya chuku. Lakini usiishie kuitaja. Jiulize chuku hii inafanya kazi gani katika kisa. Inaeleza ni kwa nini mfalme aliogopa. Sifa ambazo mfalme mwenyewe alizitangaza kwa wageni zilimrudia zikawa tishio. Mtu anayestaajabiwa hivyo na watu wa nje, na kupendwa na watu wa ndani, angeweza kukitwaa kiti cha enzi. Mfalme aliamua kwamba Liyongo lazima afe.

3. Mtego wa mkoma

Liyongo aliihisi hatari akaingia mwituni. Mfalme akawaendea Wasanye na Wadahalo, jamii za wawindaji walioishi huko, akawaahidi fedha iwapo wangemletea kichwa chake. Wawindaji hao walijifanya marafiki. Wakapendekeza wale kikoa, yaani kila siku mtu mmoja apande mti wa mkoma awaangushie wenzake matunda. Walipanga kwamba zamu ya Liyongo ikifika na akiwa juu, mikono yake ikiwa imeshika mti, wote wamtupie mishale kwa pamoja.

Zamu yake ilifika. Liyongo hakupanda. Alichagua mkoma mrefu, akavuta upinde, akayadondosha makoma kwa mishale mpaka yakawatosha. Wawindaji wakaelewa kwamba mtu huyu hawamwezi, wakaacha njama ile.

Kipindi hiki ni muhimu kwa sababu kinaonyesha nguvu zikitumikia akili. Liyongo hakupigana na mtu hata mmoja hapo. Alikisoma kilichokuwa kimefichwa ndani ya mwaliko wa urafiki, akajibu bila kutoa neno la kulaumu. Ukiulizwa uthibitishe kwamba yeye ni mwerevu, huu ndio ushahidi wako wa kwanza. Wa pili umo gerezani.

4. Wimbo wa gerezani

Hatimaye Liyongo alikamatwa, akafungwa kwa minyororo katika gereza la Pate, akiwekewa walinzi. Mama yake alikuwa akimpikia chakula kizuri kila siku na kumtuma mjakazi aliyeitwa Saada akipeleke. Walinzi walikila wao, wakamwachia mfungwa makombo. Kisha mfalme akapitisha hukumu ya kifo, na Liyongo akaulizwa ni jambo gani analotamani kabla ya kufa. Akaomba ipigwe ngoma ya gungu.

Sasa fikiria hali yake. Ana minyororo mwilini na walinzi mlangoni. Upinde wake hauko mkononi. Nguvu zote zilizosimuliwa tangu mwanzo hazimsaidii kitu. Kilichobaki ni ulimi wake. Anatunga wimbo, anamwimbia Saada ili akamfikishie mama. Katika wimbo huo anamwagiza mama aoke mkate wa wishwa, yaani makapi ya nafaka, na ndani yake atie tupa. Mama, ambaye ni hodari wa kufumbua mafumbo ya mwanawe, anaelewa. Anapika vyakula vizuri kwa wingi, anaoka na mkate ule duni, anampa Saada avipeleke vyote pamoja.

Walinzi walifanya kama kawaida yao. Walijitwalia vyakula vizuri, wakautazama mkate wa wishwa kwa dharau, wakamruhusu mjakazi ampe mfungwa. Tazama kinaya kilichopo. Ulafi wao uliowatesa mama na mwana siku zote ndio uliomfungulia Liyongo njia. Kama wangekuwa walinzi waaminifu wa kukagua kila kitu, au hata kama wangekuwa watu wa kula cho chote, tupa isingefika.

Usiku wa gungu ukafika. Watu walikusanyika, ngoma zikalia, matoazi yakagongwa, pembe zikapulizwa. Liyongo akawa anaongoza wimbo kutoka kifungoni na umati unaitikia. Wakati kelele za ngoma zilipopanda, yeye alikuwa anakata minyororo kwa tupa. Mkwaruzo wa chuma ulizama ndani ya sauti za watu waliokuwa wakimwimbia. Minyororo ilipokatika alitoka, na waliokuwa wakicheza wakatawanyika kwa hofu. Akarudi mwituni.

5. Siri na mwana

Mfalme alitambua kwamba fedha na minyororo vimeshindwa. Akageukia damu. Alimwita mtoto wa Liyongo, akamkirimu, akamwahidi cheo na binti yake wa kuoa, kwa sharti kwamba agundue kinachoweza kumuua baba yake.

Kijana alimwendea baba akamwuliza. Masimulizi yanaonyesha kwamba Liyongo alielewa mara moja kuwa mwanawe ametumwa, na alimweleza kwamba ahadi za wale waliomtuma ni za uongo. Hata hivyo akamwambia siri. Silaha nyingine zote hazimdhuru. Kitakachomuua ni sindano ya shaba akichomwa nayo kitovuni.

Wanafunzi wangu huniuliza kila mwaka ni kwa nini alimwambia. Mtu aliyeutambua mtego wa mkoma na aliyewapumbaza walinzi wa gereza anawezaje kuingia katika mtego huu akiwa macho? Kisa hakitoi sababu moja. Nakushauri usikimbilie kuandika kwamba ni mjinga, maana kila kipindi cha maisha yake kinakupinga. Jibu linaloweza kutetewa ni kwamba hapa Liyongo alijibu kama mzazi. Werevu wake ulikuwa ngao dhidi ya adui. Hakutaka kumtendea mtoto wake kama adui, hata alipojua kwamba mtoto huyo amekuwa adui. Ukiandika hivyo na ukatoa ushahidi wa kwamba alijua nia ya kijana, mtahini hana budi kukupa alama.

Kijana alirudi Pate, akapewa sindano ya shaba, akaja tena kwa baba. Siku kadhaa zilipita huku moyo wake ukisitasita. Kisha akamkuta amelala chali, akamchoma kitovuni akakimbia.

Liyongo aliamka kwa maumivu. Akashika upinde na mishale, akatoka hadi karibu na kisima cha mji, akapiga goti, akapachika mshale kwenye upinde na kuuvuta. Akafa katika hali hiyo. Watu waliokuja kuteka maji walimwona kwa mbali wakadhani yu hai na ana hasira. Hakuna aliyethubutu kukaribia kisima. Siku zikapita, mji ukateseka kwa kiu. Ikabidi mama yake aitwe aje kumtuliza, naye akaja akimbembeleza kwa maneno ya mashairi, kama ambavyo yeye na mwanawe walikuwa wamezoea kusemezana. Hakujibiwa. Mwili ulipoanguka ndipo ilipojulikana kwamba shujaa alikuwa amekufa zamani, na sindano ya shaba ikaonekana.

Mwana hakuipata furaha aliyoahidiwa. Masimulizi yanamwacha akiwa amedharauliwa. Hadi leo, katika eneo la Ozi na Kipini, hutajwa mahali panapoaminika kuwa ndipo alipozikwa Liyongo. Kisima na kaburi ni aina ya ushahidi ambao mighani hupenda kuuacha katika ardhi ili msikilizaji aamini.

6. Wimbo ulifanya kazi gani?

Sasa turudi kwenye majibu yale mawili yasiyojuana. Ukiyapitia maisha haya tena, utaona kwamba wimbo umefanya kazi nne tofauti.

Kwanza, wimbo ulibeba siri. Agizo la tupa lingesemwa wazi, walinzi wangelisikia. Likaimbwa, likapita mbele ya masikio yao. Hoja hii inakupa mfano hai wa wimbo kama chombo cha kupitishia ujumbe fiche.

Pili, wimbo uliwaunganisha watu. Umati uliokuja kucheza gungu ulimsaidia mfungwa, ingawa wengi wao hawakujua. Liyongo peke yake asingeweza kupiga kelele za kutosha kufunika sauti ya tupa. Alihitaji waitikiaji.

Tatu, wimbo ulikuwa lugha ya maombolezo na ya kutuliza. Mama aliyepokea wimbo wa kwanza akaokoa maisha ndiye aliyeimba wa mwisho akiwa amechelewa. Linganisha matukio hayo mawili na utapata hoja nzuri juu ya mipaka ya sanaa. Wimbo ulipenya ukuta wa gereza, lakini haukuweza kumfufua aliyesalitiwa na mwanawe.

Nne, wimbo ulihifadhi jina. Waliomwua walikuwa na enzi, fedha na askari. Leo tunamtaja Mringwari kwa sababu tu ametokea katika kisa cha Liyongo. Nyimbo za gungu zilizohusishwa na Liyongo ziliendelea kuimbwa harusini, na jina lake likapita kutoka kizazi hadi kizazi kabla ya Kijumwa kushika kalamu.

7. Wale ambao wimbo hauwasifu

Ipo nukta moja ambayo watahiniwa wachache huigusa, na ambayo ningependa uibebe hata baada ya mtihani. Nyimbo za mashujaa humsifu mtu mmoja, ilhali kisa chenyewe kinaonyesha watu wengi. Saada ni mjakazi. Alipita mbele ya walinzi siku baada ya siku, akaukariri wimbo bila kuacha neno, akaubeba mkate uliokuwa na tupa ndani. Angeteleza neno moja, kisa kingeishia gerezani. Mama naye alihatarisha maisha yake kwa kila kipande cha chuma alichokifunika kwa unga. Hata hivyo ukiuliza shujaa ni nani, jina linalotajwa ni moja.

Usidhani kwamba nakuambia Liyongo si shujaa. Nakuambia usome nyimbo za ushujaa kwa macho mawili: jicho moja limwone anayesifiwa, jingine liwatafute walioutuma na kuuitikia wimbo. Jamii nyingine za Kenya zina simulizi zinazokuwezesha kufanya vivyo hivyo. Kwa Wagiriama, Mekatilili wa Menza alitumia ngoma ya kifudu kuwakusanya watu dhidi ya utawala wa Waingereza mnamo 1913. Kwa Waluo, Luanda Magere, ambaye siri ya nguvu zake ilikuwa katika kivuli chake, alisalitiwa na mke aliyetoka upande wa maadui. Mlinganishe na Liyongo: wote wawili adui wa nje aliwashindwa, akalazimika kupitia mlango wa nyumbani.

8. Namna ya kujibu

Kosa la kawaida ni kutaja hoja bila kuithibitisha. Mtahiniwa huandika kwamba Liyongo ni jasiri, akaweka nukta. Hoja hiyo ni nusu tu. Jizoeze hatua tatu: taja sifa, toa tukio, eleza tukio hilo linathibitishaje sifa. Kwa mfano, unaweza kueleza kwamba Liyongo ni mbunifu, kwa kuwa akiwa kifungoni anatunga wimbo wa mafumbo kumwagiza mama amletee tupa ndani ya mkate wa wishwa, na kwa njia hiyo anageuza dharau ya walinzi kuwa chombo cha kujikomboa. Sentensi moja iliyokamilika hivyo inashinda orodha ya maneno sita.

Kosa la pili ni kuchanganya tanzu. Kisa cha Liyongo kikisimuliwa kwa lugha ya nathari ni mighani. Kikitungwa kwa beti ndefu za kusimulia matukio, kama alivyofanya Kijumwa, ni utendi. Liyongo akijisifu mwenyewe kwa ushairi, hayo ni majigambo. Wengine wakimsifu kwa ushairi, hiyo ni sifo. Soma swali uone linakuuliza juu ya utanzu upi.

9. Maswali ya marudio

(a) Kwa kurejelea maisha ya Fumo Liyongo, thibitisha kwamba yeye ni shujaa wa mighani. (alama 6)

(b) Eleza jinsi kinaya kilivyotumika katika kipindi cha gerezani. (alama 4)

(c) Ushujaa ni kazi ya watu wengi. Jadili kauli hii ukizingatia nafasi ya Saada, mama na waitikiaji wa gungu. (alama 6)

(d) Fafanua kazi nne za nyimbo katika jamii, ukitoa mfano kutokana na kisa hiki kwa kila moja. (alama 4)

Kabla ya kuandika majibu yako, nenda kwa mzee mmoja wa nyumbani kwenu umwombe akuimbie wimbo mmoja unaomsifu shujaa wa jamii yenu. Muulize anasifiwa kwa lipi na ni nani waliomsaidia. Mtihani unaweza kukutaka utoe mfano kutoka katika jamii yako, na mfano uliousikia mwenyewe hausahauliki kwa urahisi katika chumba cha mtihani.